Uzi: Akiba ya chakula cha mwaka mzima Tabora na Kigoma, na maharage yangu ya chupa yaliyoua kuku

Mama wa Ipuli (mwenye uzi)

Habari zenu ndugu zangu. Ninaishi Ipuli, hapa Tabora mjini, katika nyumba ya watu sita, na huu ni mwaka wa nne tangu nianze kuweka chakula cha kutufikisha kutoka mavuno ya Juni hadi mavuno mengine, kwa sababu nilichoka kununua mahindi kwa debe mwezi Februari kwa bei inayomfanya mtu asimame dukani akihesabu vidole. Kwa upande wa nafaka ninajimudu. Kilichonifanya nifungue uzi huu ni chupa kumi na mbili za maharage.

Mwezi Agosti mwaka jana nilitazama video za kina mama wa Marekani wanaopanga vyakula vilivyokwisha kupikwa katika chupa za kioo, rafu baada ya rafu, na nikavutiwa hasa na wazo la kupika maharage mengi kwa siku moja ili nisichome mkaa kila siku ya pili. Nikakusanya chupa za jamu na za asali zenye vifuniko vya kuzungusha, nikapika maharage ya njano kutoka Kigoma, nikayajaza yakiwa bado ya moto, nikafunga, kisha nikazichemsha chupa zenyewe ndani ya sufuria kubwa la shughuli kwa saa moja na nusu. Zilipopoa, kila kifuniko kilibonyea katikati kwa mlio mdogo, nami nikaamini kwamba kazi imekwisha.

Baada ya wiki tano vifuniko vitatu vilikuwa vimevimba, na nilipofungua kimoja maharage yalitoka na povu. Nikazimwaga hizo chupa tatu katika shimo la taka nyuma ya nyumba bila kulifunika. Kesho yake kuku wangu wanne waliokuwa wakichakura pale walianza kulegea: miguu kwanza, kisha mabawa, kisha shingo ikalala chini mbele ya kuku kama kamba iliyolowa, macho yakiwa yamefumbwa nusu. Kufikia jioni watatu walikuwa wamekufa. Afisa mifugo aliyekuja aliniuliza wamekula nini, na nilipomweleza aliniambia nisionje hata punje moja ya chupa tisa zilizobaki, ingawa hizo hazikuwa na dalili yoyote. Vifuniko vimebonyea vizuri, na supu ilikuwa safi ukiitazama kwenye mwanga.

Naomba wenye ujuzi wanieleze nilikosea wapi, na kama yapo mambo ambayo mtu wa huku kwetu anaweza kuyafunga katika chupa bila kuhatarisha familia yake.

Mfugaji wa Kitete

Pole sana mama. Hata hivyo usiyasingizie maharage kabla ya kuuliza habari za mdondo. Mdondo nao huangusha shingo, na hupita mtaa mzima ndani ya wiki moja.

Mama wa Ipuli

Ndugu yangu, hilo nami nililiuliza. Afisa mifugo alinijibu kwamba kuku wa mdondo shingo hupinda, wengine wakazunguka mahali pamoja, na mara nyingi huharisha kijani na kuhema kwa shida, ilhali wangu shingo haikupinda, ilikosa nguvu tu. Vilevile walikuwa wamechanjwa, na kuku wa jirani wasiofika shimoni hawakupata lolote. Hakupima chochote maabara, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini mimi nimeridhika.

Mwalimu Mstaafu

Mama wa Ipuli, pole kwa kuku, na umshukuru huyo afisa mifugo. Nimefundisha sayansikimu kwa miaka mingi, nami nitaeleza kwa urefu kidogo, maana jambo hili lina pande mbili au tatu na mtu akilichukua upande mmoja tu ataumia.

Kosa lako si uchafu wala vifuniko. Katika udongo wa mahali popote duniani wapo bakteria waitwao Clostridium botulinum, ambao hali ikiwa mbaya kwao hujifungia ndani ya umbo gumu liitwalo spora. Spora hizo hushikamana na maharage, mboga, viazi na kitunguu saumu, nasi huzimeza kila siku bila kudhurika. Zinakuwa hatari pale zinapopata mambo manne kwa pamoja: unyevu, joto la kawaida la chumbani, chakula kisicho na ukali wa asidi, na mahali pasipo hewa. Maji yanayochemka huua karibu kila kijidudu kingine, lakini spora hizi hayaziui, hata ukichemsha kwa saa nyingi. Kwa hiyo ulipochemsha chupa zako uliwaondoa washindani wote wa yule bakteria, ukamwondolea hewa ambayo haitaki, ukampa maji na chakula, kisha ukamfungia mlango ili asisumbuliwe. Ule mlio wa kifuniko kubonyea ulikuwa unathibitisha kwamba hewa imetoka, na kutoka kwa hewa ndiko alikokuwa anakungoja.

Akishaamka hutengeneza sumu inayolegeza misuli, na hivyo ndivyo shingo za kuku wako zilivyolala. Kwa binadamu ugonjwa huo, yaani botulizimu, huanza mara nyingi kati ya saa 12 na 36 baada ya kula: mtu huona vitu viwili viwili, kope hushuka, ulimi huwa mzito, kumeza kunakuwa shida, kisha udhaifu hushuka mwilini hadi kufikia misuli ya kupumulia. Mwenye dalili hizo akimbizwe hospitali saa hiyohiyo, na mabaki ya chakula yapelekwe pamoja naye. Tena sumu inaweza kuwamo ndani ya chupa isiyovimba wala kunuka. Hizo tisa zako usizipime kwa jicho wala kwa pua.

Sasa upande wa pili. Mpaka unaotenganisha vyakula vya kufungwa kwa maji yanayochemka na visivyofaa ni pH 4.6, yaani namba ya kipimo cha ukali wa asidi. Chakula chenye namba ndogo kuliko hiyo ni kikali, na katika ukali huo spora haiamki. Huko ndiko waliko ndimu, mananasi, jamu za matunda na achari ya siki. Maharage, njegere, mahindi mabichi, kisamvu, nyama, kuku, samaki na uyoga wako upande wa pili wote, bila hata mmoja kutoroka. Vyakula hivyo vinahitaji joto la nyuzi 116 hadi 121, ambalo maji ya sufuria hayalifikii, ila mvuke uliobanwa ndani ya mtungi maalumu wa presha wenye uzito wa kubana mvuke au saa ya kupimia presha.

Hao kina mama wa Marekani uliowatazama wana mitungi hiyo, na hufuata majedwali ya Wizara ya Kilimo ya kwao, ambayo hutaka maharage makavu yaliyolowekwa na kuchemshwa yakae kwenye presha dakika 75 kwa chupa za nusu lita na dakika 90 kwa chupa za lita moja. Video nyingi huonyesha rafu iliyopangwa vizuri na kuruka saa hiyo na nusu ya kusikiliza uzito ukitikisika.

Upande wa tatu ni mwinuko, na huu watu wa huku hatuambiwi. Kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, takribani nyuzi moja kwa kila mita 300. Tabora tuko kwenye mita 1,200 hivi, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96, si 100. Kigoma mjini wako chini kidogo, kwa kuwa uso wa ziwa uko mita 770 na kitu, lakini hata wao si watu wa pwani. Mtu akinakili dakika zilizoandikwa kwa ajili ya pwani akazitumia hapa, amepunguza dawa bila kujua.

Kijana wa Ng'ambo

Shikamoo Mwalimu. Nyumbani tuna presha kuka ya lita saba ya kupikia makande. Haiwezi kufanya kazi ya huo mtungi?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Hapana. Presha kuka ndogo hupata joto haraka na kupoa haraka, ilhali majedwali yanahesabu pia ule muda mrefu wa kupanda na kushuka kwa joto ndani ya mtungi mkubwa. Zaidi ya hayo, nyingi hazina kipimo cha kukuhakikishia kwamba umefikia ratili 15 kwa inchi ya mraba, kiasi kinachotakiwa kwa mitungi ya uzito katika mwinuko wa Tabora na wa Kigoma pia. Endelea kupikia makande.

Mvuvi wa Katonga

Nimesoma kwa makini, na nina hoja kutoka upande wa ziwani. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, sisi wa mialo ya Katonga na Kibirizi tulijifunza upya maana ya akiba. Hata katika miezi ya kawaida tumezoea kukosa, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali boti hupumzika. Lakini siku chache za mbalamwezi si sawa na miezi mitatu.

Wapo waliojaza dagaa kwenye viroba kwa pupa wiki ya mwisho kabla ya kufunga. Wiki hiyo kulikuwa na mawingu, dagaa hawakukauka sawasawa, na walipofungua viroba mwezi Julai walikuta ukungu na wadudu. Mimi nilikuwa nimeanza Aprili kidogo kidogo, nikianika juu ya chanja za wavu badala ya mchangani. Dagaa wa chanja hupigwa na upepo juu na chini, kwa jua zuri hukauka siku hiyohiyo, na hawana mchanga wa kutafuna. Kipimo changu ni kumvunja dagaa katikati: akikatika kwa mlio amekauka, akipinda kama uzi arudi juani. Nikawafunga katika ndoo za plastiki zenye vifuniko vya kubana, nikiwashindilia hadi juu ili hewa ibaki kidogo, na ndoo nikaziweka chini ya kitanda, mahali penye giza. Walikaa miezi minne. Kuelekea mwisho mafuta yao yalianza kuchacha na kuleta uchungu kwenye koo, lakini hawakuoza, na mke wangu aliumaliza uchungu huo kwa nyanya na bilinganya.

Swali langu ni migebuka. Nina mnunuzi Dar es Salaam anayetaka migebuka iliyopikwa kwa mawese ndani ya chupa, kama wale samaki wa makopo wa dukani. Linawezekana?

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Mvuvi, samaki kwa chupa ya nusu lita hutaka dakika 100 za presha kamili, na hesabu hiyo ni ya samaki mtupu. Ukimzamisha katika mawese, joto linapita kwa namna nyingine na jedwali halikulindi. Wale wa dukani wametoka kiwandani, penye vifaa vinavyoandika joto la kila fungu. Usiuze. Muuzie migebuka waliokaushwa kwa moshi, na mawese uyaweke katika chupa yake mwenyewe, akayakutanishe jikoni kwake.

Babu wa Sikonge

Wanangu, nimewasikiliza. Nikiwa mtoto hatukuwa na chupa, na akiba ilikuwapo.

Viazi vitamu huvunwa vingi kuliko vinavyoweza kuliwa, na kiazi kibichi hakikai. Mama yangu alikuwa akiviacha vinyauke siku mbili tatu, anamenya, anakata vipande vyembamba na kuvianika juu ya mwamba au juu ya majamvi katika jua la Julai na Agosti, wakati ambapo kwetu hakuna tone la mvua na upepo ni mkavu. Hiyo ndiyo michembe. Vile vingine alivichemsha kwanza, akavimenya na kuvikata ndipo akavianika, vikawa matobolwa, ambavyo mtoto anaweza kuvitafuna njiani kwenda shule mpaka taya zichoke. Michembe ya kuliwa Januari tuliichemsha na karanga zilizosagwa, na hadi leo ukiniwekea sahani hiyo karibu na wali nitauacha wali. Majani ya kunde nayo yalichovywa kidogo katika maji yanayochemka na kuanikwa, yakawa nsansa. Mboga ya miezi ambayo bustani imekufa. Mama aliyaanika chini ya paa la nyasi, kivulini penye upepo, akisema jua hula rangi. Baadaye nilikuja kuambiwa na mabwana afya kwamba pamoja na rangi jua hula vitamini A, kwa hiyo alikuwa na haki bila kujua jina la kitu alichokuwa anakilinda.

Jambo la mahindi ni la uchungu zaidi. Tulikuwa tukiyahifadhi yakiwa bado kwenye magunzi, katika kihenge au darini juu ya moshi wa jiko, na fukusi walikula walichokula bila kutumaliza. Kisha, kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, akaja dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na mahali pa kwanza alipotambuliwa katika Afrika nzima ni mkoa wetu huu wa Tabora. Ninakumbuka kupanda kihengeni mwezi wa nne baada ya kuvuna, nikashika hindi na likanivunjikia mkononi kuwa unga, unga mweupe uliotiririka katikati ya vidole, na gunzi lenyewe limetobolewa kama nyumba ya nyuki. Kihenge kizima kilikuwa hivyo. Dumuzi hupenda punje iliyoshikwa na gunzi kwa kuwa haichezi anapoitoboa, na ndiyo maana mabwana shamba walipita vijijini wakituhimiza tupukuchue mahindi mapema na kuyachanganya na dawa ya unga. Wazee waliona ni kazi ya kuwasumbua wanawake. Mwaka uliofuata waliokataa walinunua mahindi kwa waliokubali.

Asali haikunisumbua hata siku moja. Inakaa.

Mwalimu Mstaafu

Babu, asali inakaa kwa sababu maji yake ni machache mno kwa kijidudu kuishi. Ila niseme hapa, kwa kuwa tuko Tabora na kila nyumba ina chupa yake: asali inaweza kubeba zilezile spora, na tumbo la mtoto wa chini ya mwaka mmoja halina uwezo wa kuzizuia zisiamke. Mtoto huyo asilambishwe asali hata kwa kidole, wala kwa dawa ya kikohozi ya nyumbani. Na mtu asitumbukize vitunguu saumu vibichi katika mafuta na kuviacha kabatini wiki kadhaa ili kupata kiungo. Ni mtego uleule wa maharage ya Mama wa Ipuli.

Kijana wa Ng'ambo

Babu ametaja dawa ya unga. Siku hizi wengi tumehamia mifuko isiyopitisha hewa, ya PICS na mingineyo. Naomba mwenye uzi atueleze anavyoitumia, maana nyumbani tuliijaribu na mahindi yakatoka na harufu ya uvundo.

Mama wa Ipuli

Harufu ya uvundo maana yake mliyafunga mahindi kabla hayajakauka. Mfuko ule una tabaka mbili za plastiki nzito ndani na kiroba cha kawaida nje. Wadudu wakishafungiwa humo humaliza hewa kwa kupumua kwao wenyewe, kisha hufa, bila dawa yoyote. Lakini mfuko haukaushi kitu. Unyevu uliouingiza ndio utakaoukuta, na wakati mwingine utakuta na kuvu.

Mimi sina mashine ya kupimia unyevu, hivyo ninatumia chumvi. Ninachukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, ninatia mahindi hadi robo yake na kijiko kimoja cha chumvi iliyokaushwa juani, ninafunga na kutikisa kwa nguvu dakika moja, kisha ninaiacha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yanarudi kwenye turubai. Isipoganda, bado ninayaongezea siku moja nzima ya jua, kwa sababu lengo ni asilimia 13 na nusu au pungufu, na chumvi haiwezi kuniambia tofauti hiyo ndogo. Turubai si anasa. Mahindi yaliyoanikwa moja kwa moja ardhini huokota kuvu wanaotengeneza sumukuvu, sumu iliyoua watu mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ambayo kupika ugali hakuiondoi.

Kisha ninajaza mfuko wa ndani kidogo kidogo huku nikiukung'uta, ninakamua hewa iliyobaki juu, ninasokota shingo yake kwa nguvu, ninaikunja na kuifunga kwa kamba ya mpira, halafu nafanya vivyo hivyo kwa wa pili. Mifuko inakaa juu ya mbao, mbali na ukuta, na paka ana ruhusa ya kulala humo. Panya akitoboa tundu moja, kazi yote imekwenda.

Sisi sita tunamaliza gunia la kilo 100 kwa wiki sita hivi, kwa hiyo ninaweka magunia tisa, na magunia mawili ya maharage makavu kwa mtindo huohuo. Sisagi zaidi ya debe moja kwa wakati, kwa kuwa unga wa dona unachacha mapema na punje nzima haichachi.

Mwalimu Mstaafu

Magunia mawili ya maharage makavu yasiyo na mdudu! Mama, sasa chupa zile ulizihitajia nini? Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, na mkaa wako utapungua vya kutosha.

Mama wa Ipuli

Nimekubali, Mwalimu. Nilitaka rafu nzuri.

Binti Ujiji

Nami nina mambo mawili. La kwanza ni mawese, kwa kuwa watu wa Tabora huyanunua stesheni wakilalamika kwamba yanaharibika upesi. Mawese mapya mara nyingi yana maji ndani yake. Yakifika nyumbani yapashe kwa moto mdogo mpaka yaache kutoa vipovu na ile sauti ya kuchirizika, yaache yapoe na kutulia, umimine yale ya juu tu na kuacha matope ya chini, ujaze chombo kikavu hadi shingoni na kukiweka gizani. Usiyapashe hadi yatoe moshi, yatapoteza rangi na ladha.

La pili ni swali. Nyanya zikifika msimu wake hapa sokoni Mwanga huuzwa kwa bei ya kutupa, na wauzaji jioni hukuomba uzichukue. Je, nyanya ziko upande gani wa ile namba ya Mwalimu?

Mwalimu Mstaafu

Swali zuri, kwa sababu nyanya zimesimama juu ya mpaka wenyewe. Nyingine ni kali, nyingine zimepita 4.6, na ulimi hauwezi kutofautisha. Kwa hiyo asidi huongezwa daima: kwa chupa ya nusu lita, robo kijiko cha chai cha unga wa ndimu, ule mweupe wa dukani (citric acid), na kwa chupa ya lita moja, nusu kijiko. Ndimu ya kukamua mwenyewe ukali wake hubadilika kutoka tunda hadi tunda, ndiyo maana siitegemei. Ukali ukikukera, tia sukari kidogo wakati wa kupika.

Chagua nyanya nzima, zisizooza wala kupondeka, zichovye katika maji ya moto, zimenye, ziponde na kuzichemsha dakika tano. Weka unga wa ndimu na chumvi chini ya chupa ya moto, mimina nyanya na kuacha nafasi ya upana wa kidole juu, futa mdomo wa chupa, funga bila kukaza kupita kiasi. Chupa zisimame juu ya kitambaa au wavu ndani ya sufuria, maji yazifunike kabisa, na saa ianze kuhesabiwa maji yanapochemka sawasawa, si kabla. Huko Kigoma mjini, chupa ya nusu lita dakika 40, ya lita dakika 50. Hapa Tabora, 45 na 55. Usitie vitunguu, hoho, karoti wala mafuta. Hayo ni ya siku ya kupika, maana kila kimoja kinavuta nyanya kuelekea upande wa maharage.

Vifuniko viwe vipya. Chupa inaweza kurudiwa miaka mingi ikiwa mdomo wake haujapasuka, lakini ule utepe laini ndani ya kifuniko ukishabonyezwa mara moja hauaminiki tena. Walio na ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, karibu waulize huko habari za chupa na mafunzo ya usindikaji.

Mvuvi wa Katonga

Embe je? Tabora mnazo hadi zinaoza barabarani.

Mwalimu Mstaafu

Embe bichi ni kali na achari yake ya siki haina shida, mradi siki iwe ya asilimia 5. Embe bivu tamu linaweza kufika mpakani kama nyanya, kwa hiyo jamu yake iongezwe unga wa ndimu. Lakini Novemba, mvua ikiwa bado haijakolea, mimi huzikata vipande na kuzikausha chini ya chandarua.

Mama wa Ipuli

Ninarudi baada ya wiki tatu kutoa taarifa. Chupa tisa sikuzifungua. Nilivaa glavu, nikazitia bila kuzitikisa katika mifuko miwili ya plastiki, moja ndani ya nyingine, na mwanangu mkubwa akachimba shimo la kufika kiunoni mbali na kisima, tukazifukia. Lile shimo la taka nalo nimelifukia. Rafu na sakafu nilizimwagia dawa ya kufulia yenye klorini, sehemu moja kwa tano za maji, nikaiacha nusu saa kabla ya kufuta.

Jumamosi iliyopita nilinunua tenga la nyanya na vifuniko vipya ishirini na nne. Zimepatikana chupa kumi na tisa za nusu lita, dakika 45 kila mkupuo, saa ya ukutani nikiwa nimeishusha na kuiweka mezani. Moja ilipasuka chini kwa sababu niliisimamisha juu ya bati bila kitambaa. Mbili hazikubonyea, tumezila jioni ileile. Kumi na sita ziko rafuni, zimeandikwa tarehe.

Kuku wa nne alipona. Nilimnywesha maji kwa kijiko siku nne, nikimshikia kichwa, na siku ya tano aliinua shingo mwenyewe akanidonoa kidole.